Mnara wa Nyuma ya Msikiti

Maimuna alikuwa amekalia mbuzi uani kwake Mchinga, anakuna nazi, pale mdogo wake Mfaume alipoingia na mfuko mkononi na tabasamu usoni. Tabasamu si kitu, Mfaume alikuwa nalo la kila siku. Mfuko ndio uliomfanya Maimuna asimamishe mkono. Mfaume alikuwa mkono wa birika tangu utotoni. Hata muhogo wa kuchoma alikuwa akiula ameuelekea ukuta ili asiombwe. Sasa akatoa mfukoni doti ya khanga, bado ngumu kwa wanga, na tiketi ya basi la kwenda Dar.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeona umechoka. Nenda kamsalimie Mudathiri, ukae siku mbili tatu, akupandishe ule mnara."

Mudathiri ni mwanawe Mfaume, fundi simu huko Dar. Na mnara wenyewe pwani nzima iliusikia: mnara mrefu wa jijini ambao wageni hupanda ndege kuja kuupanda, na kule juu kuna baraza la vioo, mtu akisimama huona kwao.

"Na kuku wangu?"

"Nitawatazama mimi."

Wahenga walisema ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Lakini Maimuna hakuwahi kupewa kitu na mdogo wake, na mtu asiyezoea kupewa hajui maswali ya kuuliza. Alinawa mikono, akaipokea khanga, akaisoma jina. Iliandikwa *Hisani haiozi*.

Hapa inabidi jambo moja lisemwe mapema. Mtaa wao nao ulikuwa unangoja mnara. Msikiti wao haukuwa nao. Maalim Abdurahmani aliadhini akiwa kwenye kidato cha mlangoni, na spika ilifungwa juu ya mnazi, nazi ikianguka inakwenda nayo. Basi Ijumaa moja baada ya swala Mfaume alisimama akasema, "Ndugu zangu, tumeletewa mnara. Utajengwa hapa nyuma." Watu waliitikia takbiri mpaka njiwa wakahama paa. Maimuna mwenyewe alipika wali wa nazi wa shukrani. Hakuna aliyeuliza mnara wa nini. Kwa watu waliotoka kuswali, mnara ni mnara, kama kibla ni kibla.

Nyuma ya msikiti palikuwa na uwanja mtupu, na baada ya uwanja palikuwa na makaburi. Makaburi ya pale hayakuwa ya marumaru. Mtu akizikwa huwekewa jiwe kichwani na jiwe miguuni, na juu yake chombo alichokuwa akikitumia: sahani, kikombe, birika. Ziada, mtoto pekee wa Maimuna, aliyechukuliwa na homa akiwa bado anadeka, aliwekewa bakuli la bati la maua mekundu alilokuwa akinywea uji. Wanawake hawaendi kuzika, kwa hiyo Maimuna hakumwona mwanawe akishushwa. Aliloambulia ni kuliona bakuli. Kila alipokwenda kisimani alisimama njiani, akalitafuta kwa macho, kisha akatoa salamu kama inavyotakiwa: "Assalaamu alaykum, enyi watu wa makaburini. Nyinyi mmetutangulia, nasi tu nyuma yenu." Halafu alikwenda zake kuchota maji. Wafu huitikia salamu, hilo linajulikana. Ni sisi tu tusiosikia.

Alifika Dar salama. Mudathiri alimlaza kitanda chake, yeye akalala chini, na asubuhi akampeleka kwenye mnara. Lifti ilipanda mpaka masikio yakaziba. Kule juu palikuwa na vioo pande zote na darubini zimepangwa kwa mikoa, na binti mmoja aliyevaa tai alikuwa akigawa watu.

"Mama umetokea wapi?"

"Mchinga."

"Karibu, jirani. Mimi ni Rosemary, kwetu Milola. Darubini yenu ile ya kusini, ukimaliza kumngoja yule baba wa Kilwa Masoko. Usiisukume, mama. Ivute taratibu."

Baba wa Kilwa Masoko alikuwa ameinamia darubini, anamkanya mtu asianike samaki juu ya bati lake. Mtu huyo alisikika akiomba radhi. Baba wa Kilwa akashukuru, akampisha Maimuna.

Maimuna aliweka jicho. Aliuona mto Rufiji, akaona Nangurukuru, akauvuka Mbwemkuru, kisha akaliona paa lake. Beseni lilikuwa limefunikwa vilevile alivyoliacha. Kuku walikuwa wanaparua jiko la nje, na ilionekana wazi kwamba Mfaume hakuwa amewatupia hata punje. Hilo halikumshangaza. Akaivuta darubini mpaka msikitini, akaipitisha nyuma.

Palikuwa pamezungushiwa mabati ya buluu. Ndani ya mabati katapila lilikuwa linachota udongo mwekundu na kuumwaga pembeni. Alilitafuta bakuli kwa macho, akaanza upya, akalitafuta tena, asilione. Lakini ulimi ulikuwa umezoea, na salamu ikatoka yenyewe.

"Assalaamu alaykum, enyi watu wa makaburini."

"Wa alaykumu salaam," wakaitikia.

Sauti zilitokea kwenye mdomo wa darubini, za wanaume na za wanawake, na moja ndogo ilichelewa, kama watoto wanavyochelewa kuitikia. Ila hazikutoka kwenye mabati. Zilitoka kushoto. Maimuna akaivuta darubini taratibu, kama alivyoelekezwa, mpaka kituo cha magari ya Lindi.

Wafu wa Mchinga walikuwa wamekaa kando ya lami. Kila mmoja alikuwa ameibana sanda kwa magoti kwa sababu ya upepo wa malori, na wengine walikuwa na udongo kichwani. Kondakta aliwaomba wasogee kidogo abiria wapate pa kupandia, nao wakasogea. Mama yake Maimuna alikuwa amekalia jiwe, na mapajani kwake alikuwa Ziada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi, mwanangu? Mbona sauti inatokea juu?"

"Niko Dar, kwenye mnara."

"Aa. Nasi tumetolewa kwa ajili ya mnara."

"Nani kawatoa?"

Mama yake alimpangusa Ziada mchanga wa usoni kwanza. Alikuwa hivyo hata alipokuwa hai, hamalizi neno mkono haujapata kazi.

"Walikuja watu na kamba za kupimia. Wakauliza, hapa si makaburi? Mfaume akawaambia, hapana, hili jaa la zamani, hamuoni vyombo vibovu? Alikuwa amesimama kifuani kwangu. Hata viatu hakuvua."

Maimuna alipigwa na butwaa. Si kwa kuwa mama yake alisema. Mama yake alikuwa msemaji maisha yake yote. Ni vile viatu. Alijua mdogo wake ni mchoyo, alijua anaweza kumnyima mtu chumvi, lakini hakujua kwamba anaweza kusimama pale na kusema maneno yale. Akaishika darubini kwa nguvu.

"Mama," Ziada akasema, "bakuli langu wamelichukua."

"Nakuja. Usiondoke hapo kwa bibi."

"Nina usingizi."

"Nakuja, mwanangu."

Nyuma yake mzee wa Mtwara akakohoa. "Mama samahani. Nasi tuna kwetu."

Maimuna akampisha. Rosemary akampa pole, akaifuta darubini kwa kitambaa, akamwambia mzee wa Mtwara apande juu ya kigoda kwa kuwa kwao ni mbali zaidi. Mudathiri alikuwa amesimama karibu na lifti anatazama viatu vyake, na siku ile kila kiatu kilikuwa na neno.

"Shangazi, tushuke tukanywe soda."

"Ulijua?"

Mudathiri hakuwa mtoto mbaya, na uongo hakuuweza. "Baba alisema nikuweke mpaka zege likauke. Alisema katika Mchinga nzima ni wewe peke yako ungeweza kulala mbele ya katapila."

Hilo lilikuwa kweli. Maimuna alilifikiria njia nzima ya kurudi: kwamba mtu pekee aliyemjua vizuri kiasi hicho ni yule aliyemtuma mbali. Tena alikuwa ameivaa khanga yenyewe.

Alifika mchana. Hakwenda kwanza nyumbani wala kituoni, alikwenda moja kwa moja kwenye mabati, akaingia kama anayeingia kwake. Zege lilikuwa limekwisha kumwagwa. Lilikuwa pana, limefunikwa magunia mabichi lisipasuke kwa jua. Kivulini alikuwa amekaa fundi mmoja, Yassini, anakunywa uji kwenye bakuli la bati la maua mekundu.

"Fundi, bakuli hilo umelitoa wapi?"

"Jaani hapahapa, mama. Nimelisugua na mchanga, limetakata."

"Chini yake kulikuwa na nini?"

Yassini alitazama uji wake. "Mimi mgeni huku, nimetokea Masasi. Niliambiwa jaa. Baadaye tulipoanza kuona, tulimwita yule bwana mwenye kofia aliyetuambia jaa, akasema tuendelee, ni mifupa ya mbuzi wa zamani." Akaumaliza ule uji, maana hakujua angeumwaga wapi, akalisuuza bakuli kwa maji ya zege, akamrudishia Maimuna kwa mikono miwili. "Katapila halichagui, mama. Lililotoka lote lilirudi chini, na zege juu. Nisamehe."

Maimuna alisimama juu ya magunia na bakuli mkononi. Alitaka kulia, kilio kikagoma. Alivua kandambili zake, akazishika, akatoka.

Alimkuta Mfaume barazani kwake, anakunywa kahawa na Maalim Abdurahmani. Maalim alikuwa hajagusa kikombe.

"Mimi nilidhani mnara wa adhana," Maalim alikuwa anasema. "Sisi sote tulidhani hivyo."

"Nilisema mnara, Maalim. Nilisema uongo? Huu ni wa watalii, wa kutazamia bahari. Lakini ukitaka kuadhini kule juu, nani atakuzuia? Sauti itafika Kilwa."

Maalim akakisogeza kikombe mbali. Siku ile ya Ijumaa takbiri yake ndiyo iliyowarusha njiwa, na alikuwa anaikumbuka.

"Mfaume," Maimuna akasema, "umemwaga zege juu ya mama."

"Dada, kaa kwanza. Maji?"

"Juu ya mama. Juu ya Ziada."

"Nilikupeleka Dar kwa heshima yako. Sikutaka uone."

"Nimeona."

Mfaume akatafakari. "Basi ningekupeleka kwingine," akasema, na alisema kwa masikitiko ya kweli.

Maimuna aliwafuata wakubwa wa wilaya. Mabwana wawili walikuja na gari, wakashuka kituoni, wakawakuta wafu wamekaa. Waliuliza ni nani kati yao aliyekuwa amezikwa nyuma ya msikiti, na wote wakanyoosha mikono, Ziada akanyoosha miwili. Mabwana wakateta kidogo pembeni. Kisha mmoja, mpole sana, akamweleza Maimuna kwamba madai yake yana ugumu: mtu aliyekaa barabarani hawezi tena kusemekana yuko chini ya zege. Ama yuko hapa ama yuko kule, na yeye anawaona hapa, wazima wa afya. Akawapa wafu pole ya safari, na gari likaondoka.

Mvua za vuli zilipoanza, ikaonekana aibu kuwaacha watu nje. Kila nyumba ikachukua wake. Wasiokuwa na mtu walikaa kwenye baraza la madrasa, na wanafunzi waliwazoea hata wakawa wanaegemea magoti yao wakisoma. Mama yake Maimuna alikataa kwenda kwa binti yake. Alikwenda kwa Mfaume, akakalia kiti chake kizuri, akamwelekea, akamtazama. Hakumsemesha neno. Mwanamke aliyeongea mpaka kaburini alimnyima mwanawe hata neno moja, hata la kumtukana. Mwanzoni Mfaume alikula amegeukia ukuta, kama zamani. Baadaye akazoea. Alimwagiza mkewe amletee mama chai kila asubuhi, na chai ilipopoa aliinywa yeye.

Ziada alikwenda na mama yake, Maimuna.

Siku za mwanzo, na aseme kila atakayesema, Maimuna alikuwa na furaha. Alimsuka nywele. Alimwogesha udongo mwekundu ukaisha. Alimwekea uji kwenye bakuli lake, mtoto akautazama kwa adabu, akasema ameshiba. Alikuwa vilevile na pengo lake la jino la mbele, vilevile anavyoshika pindo la khanga anapotembea. Majirani walipita wakampa hongera, wakamwambia amshukuru Mungu, ni wangapi wanarudishiwa. Mfaume naye alipita. "Unaona, dada? Kila jambo lina heri yake. Si umempata mwanao?"

Lakini mtoto hakulala. Alilazwa kitandani, akalazwa mkekani, akalazwa mapajani kwa mama yake akiimbiwa, na macho yakabaki wazi, mekundu, yanatazama dari. Hakuwa mgonjwa wala hakulia. Alikuwa na usingizi tu. "Mama, nina usingizi," alisema jogoo alipowaamsha wengine, na alisema hivyo saa ya adhuhuri, na alisema hivyo watoto wenzake wa zamani, sasa wamekuwa watu wazima, walipopita na watoto wao. Alasiri alijiendea kwenye mabati, akajilaza ubavu chini ya uzio, akajaribu. Mlinzi alimjua. Alimpigia simu Maimuna: "Mama Ziada, njoo umchukue, gari la kokoto linataka kupita."

Hakuna maumivu ya mzazi yaliyo kama kumtazama mtoto anayetaka kitu chepesi na wewe huna. Maimuna alimwomba Mfaume akate kipande tu cha zege, apate pa kumlaza mtoto. Mfaume alimweleza kwamba zege halikatwi, ni la msingi.

Mnara ulikamilika kabla ya masika. Ulikuwa mweupe, wa ngazi za kuzunguka, na juu kabisa palikuwa na sakafu ya duara na darubini. Siku ya kuufungua walikuja wageni wengi wa kofia pana, wakachinjiwa ng'ombe. Mfaume ndiye aliyefanywa msimamizi, akapewa shati lenye nembo na funguo. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba siku ile ya kwanza wenyeji nao wanaruhusiwa kupanda.

Maimuna alipanda na Ziada mgongoni, amemfunga kwa khanga, maana miguu ya mtoto ilikuwa imechoka kwa kukosa kulala. Watu waliwapisha kwenye ngazi. Kule juu mgeni mmoja alikuwa kwenye darubini, anasifu rangi ya bahari.

Ziada alishuka mgongoni. Akazunguka ile sakafu polepole, anakanyaga, anarudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Karibu na nguzo ya mashariki akasimama.

"Hapa, mama."

"Hapa nini?"

"Hapa ndipo. Kule chini."

Akajilaza kwa ubavu wa kulia, akaelekea kibla, kama alivyolazwa siku ile ambayo mama yake hakuiona. Macho yakafumba. Pumzi ikamtoka ndefu, kisha pumzi nyingine haikuwapo, na uso wake ukawa na amani.

Maimuna akakaa kando yake. Kilio kilichogoma siku ya magunia kilikuja sasa, akakiacha kije. Wageni walimruka mtoto kwa uangalifu walipokwenda na kurudi kwenye darubini, na mama mmoja wa kizungu alivua kofia yake akamwekea usoni asipigwe na jua. Walikaa hivyo mchana wote. Maimuna alipoinuka kidogo kunyoosha miguu, alijikuta akitoa salamu kwa sauti ndogo, ile ya kisimani, na kwa mara ya kwanza tangu Dar haikuitikiwa. Alishukuru kwa hilo.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama Mfaume alipanda na funguo zake. Alikuwa anahema, mnara ni mrefu na yeye si kijana tena.

"Tunafunga, dada."

"Mwache. Kalala."

"Naona. Lakini tunafunga."

"Kesho nitamleta tena asubuhi."

"Kesho ni wageni tu. Wenyeji ilikuwa leo, nilitangaza."

Maimuna alimtazama mdogo wake, akatazama miguu yake. "Mfaume, vua viatu."

Mfaume naye akavitazama viatu vyake, kama anayekumbuka jambo, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba atainama. "Zege hili, dada," akasema. "Halina neno." Akasimama kando ya ngazi akingoja, funguo zikilia mkononi.

Maimuna akaiondoa kofia ya mgeni usoni mwa mtoto. Alimtazama mpaka Mfaume akakohoa. Kisha akamgusa Ziada begani, kidogo tu, kama anavyoguswa mtoto wa kuamshwa kwa ajili ya daku.

Ziada alifumbua macho. Yalikuwa meupe, yamepona.

"Kumekucha, mama?" akauliza. "Ndiyo siku ya kufufuliwa?"

"Bado, mwanangu," Maimuna akasema, akamgeuzia mgongo apande. "Wanafunga tu."